Jina Nililomwita Mama Lemayian

Nakumbuka Jumapili moja ya baridi, mwanangu, ambapo neno moja kutoka kinywani mwangu lilimtoa mama mmoja kanisani akiwa na mtoto mgonjwa mgongoni. Neno lenyewe ni hohehahe. Siku hizi halisikiki sana. Ni mtu asiye na mbele wala nyuma, anayevaa matambara kwa kukosa nguo nyingine.

Ilikuwa miaka ya tisini, nami nina miaka kumi na minane. Kitengela ilikuwa bado uwanda wa upepo na ng'ombe, na baba yangu, mwalimu, alikuwa ametuhamishia huko kutoka magharibi mwa nchi. Kanisa lilipata mablanketi ya msaada, nikapewa kazi ya kuandika majina ya wanaostahili, kwa kuwa nilikuwa na mwandiko mzuri. Nikajiona mtu wa maana. Nilizunguka na daftari hadi machimboni, nikamkuta Mama Lemayian, kama wenzake walivyomwita, akivunja kokoto. Gauni lake lilikuwa limechanika mabega yote mawili. Mtoto wake, Lemayian, alilala kando, amefunikwa gunia, akikohoa kikohozi kirefu kilichonitia hofu. Asiyeuliza hana ajifunzalo. Mimi sikumwuliza mama yule lolote. Niliandika nilichokiona, nikaondoka.

Jumapili nikasimama mbele, kando ya meza ya mablanketi, na kusoma: "Orodha ya hohehahe wa machimboni." Jina la kwanza lilikuwa lake. Watoto wa benchi la nyuma wakalidaka, "Hohe! Hahe!" wakacheka. Mama Lemayian akasimama. Alivaa gauni la buluu lililopigwa pasi, na shanga zake shingoni.

"Ni mimi umeniita hivyo, mtoto wa mwalimu?"

Nikainamia daftari.

"Yale matambara ni ya mawe. Nani huvunja mawe na nguo nzuri? Nguo niko nayo, si unaiona? Blanketi ndiyo sina."

Akamkaza mtoto mgongoni, akatoka. Blanketi lake likabaki mezani.

Nyanya yangu, aliyekuwa amekuja kututembelea, alikuwepo kanisani. Tulipofika nyumbani akasema, "Hilo neno nalijua. Wakati wa njaa mama yangu alikuwa akipiga magoti na kusema, 'Mungu, mimi hohehahe.' Mtu hujiita mwenyewe mbele ya Mungu wake. Wewe umemwita mwenzako mbele ya watu. Rudi uchukue hilo blanketi, umpelekee sasa hivi."

Nililichukua, nikakimbia nalo hadi kwake. Mlango wake wa mabati ulikuwa na kufuli. Jirani mmoja alisema ameenda Kimuka kwa dada yake. Mwingine akasema Magadi, kwenye joto, kwa ajili ya kifua cha mtoto. Wiki iliyofuata nilifika Kimuka. Hakuna aliyemjua. Magadi nilifika baada ya miaka mingi, nikauliza nyumba kwa nyumba, nikarudi mikono mitupu.

Mwanangu, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Ukimwona mtu na matambara, usimpe jina. Mwulize ana nini, kisha mwulize anahitaji nini, na usubiri jibu. Neno la unyonge mwachie mwenyewe, alitamke akitaka.

Mungu akulindie ulimi, na mikono yako itangulie maneno yako. Na ukikutana na mwanamume aitwaye Lemayian, mzaliwa wa miaka ile, mwulize kama mama yake alivunja kokoto Kitengela. Kikohozi kile bado nakisikia, na sijui kiliishaje.