Bisibisi Alizonoa Baba Mkwe

Baba mkwe wangu alikuja Biharamulo kutoka Bugarama kumwona mjukuu. Alikuja na mkungu wa ndizi na moyo wa kusaidia, na huo moyo ndio ulionimaliza.

Mimi ni fundi saa. Asubuhi hiyo nilitoka kidogo kwenda sokoni. Niliporudi nilimkuta barazani, kinoo kati ya miguu, bisibisi zangu za saa zimepangwa juu ya kitambaa cha mtoto. Zote alikuwa amezinoa, zinang'aa kama visu vya buchani. Alisema alizikuta butu, akanionea huruma.

Bisibisi ya saa haitakiwi kuwa kali. Ncha yake inatakiwa iwe bapa, ijae kwenye mfereji wa skrubu mpaka chini. Ikiwa kali inapanda, inateleza, na kichwa cha skrubu kinalika. Mtu mwingine yeyote ningemwambia hayo, tena kwa sauti ya juu. Lakini baba mkwe unamwambiaje? Nilisema asante, baba, na hasira ikabaki kifuani.

Mezani kulikuwa na saa ya muuguzi wa zahanati moja kule Kaniha. Ndiyo anayohesabia pumzi za watoto wenye kifua, hana nyingine, na mchana huo alikuwa anaifuata. Nikavaa lenzi. Mzee akasogeza kigoda aone faida ya kazi yake.

Nikajaribu skrubu ya kwanza, bisibisi ikachomoka. Nikachukua nyembamba zaidi, nayo ikachomoka na kukwaruza mashine. Kichwa cha skrubu kilishaanza kulika. Ningeteleza tena, isingetoka kabisa, na yule mama angerudi Kaniha mikono mitupu. Dawa niliijua: kuisugua ncha kwenye jiwe mpaka iwe butu tena. Lakini nianzeje, mbele ya mtu aliyetoka kuzinoa?

Nikaaga kwamba naenda uani. Kipande changu cha kinoo nilikitia mfukoni, bisibisi nikaificha kwenye mkono wa shati. Nikachuchumaa chooni, mlango nimeufunga, mtu mzima mwenye mke na mtoto, nasugua bisibisi yangu mwenyewe kwa kujificha kama mwizi. Mke wangu akapita nje, akauliza kama tumbo limeharibika. Nikamwambia ndiyo.

Niliporudi, niliiweka ncha kwenye skrubu, nikabonyeza, nikazungusha taratibu. Ikashika. Nikasafisha uchafu uliokwamisha magurudumu, nikafunga, mshale wa sekunde ukaanza kutembea. Muuguzi alipofika aliisikiliza, akaivaa, akaanza kunishukuru. Mzee akamwambia asinishukuru mimi peke yangu, ashukuru na kinoo pia. Kisha akanigeukia.

"Umeona sasa, mwanangu? Chombo kikiwa kikali, kazi inakwenda. Kila nikija kumwona mjukuu nitakunolea."

Nikasema asante, baba. Mjukuu mwenyewe ndiyo kwanza kitovu kimemdondoka, na mzee ana nguvu zake zote.