Basi la Shule Laenda Kuonja Mvinyo

Delfina Morando hanywi mvinyo. Kijijini kwetu Roccasorda, milimani Italia, habari hiyo husemwa kwa kunong'ona, kama unavyomtaja jamaa aliyefungwa jela. Tumbo lake halipatani nao, basi. Akilamba kijiko tu, midomo inamvimba mpaka anafanana na askofu wetu. Paroko aliwahi kumwombea, na maombi yalipogoma akamshauri ahamie mjini.

Hakuhama, kwa sababu alikuwa na basi. Tangu ujana wake ndiye dereva wa basi la shule, lile dogo la manjano, na kwenye kona zetu hulizungusha kama mtu anayekoroga uji. Shida ni kwamba Roccasorda tuna bidii zaidi ya kulima mizabibu kuliko ya kuzaa. Watoto walipungua wakabaki wawili, tena pacha, nao mama yao akawahamishia Torino. Shule ikafungwa. Halmashauri ikaamua basi liuzwe kwa kijiji cha bondeni, kwa wale watu wanaolima mahindi na bado wanajiita Wakristo.

Delfina hakulia. Alivaa koti la misa, akaingia kikaoni bila kualikwa.

"Haliuzwi," akasema. "Nitatembeza watalii. Waone mizabibu, waonje mvinyo, wanunue, warudi kwao wanaimba."

Diwani wa utalii, kijana mmoja aitwaye Gualtiero mwenye viatu vilivyochongoka, nusura aruke. Tangu achaguliwe alikuwa hajamwona mtalii ana kwa ana. "Mama Delfina, fanya safari ya majaribio Jumamosi hii. Mapango matatu ya kuhifadhia mvinyo, na abiria wote warudi kabla ya giza. Ukiweza, utaliendesha mpaka uzeekee kwenye usukani. Ukishindwa, Jumatatu linakwenda."

Ndipo Delfina akaanza kupanga. Kuhusu mvinyo hakujua lolote. Kwake mvinyo bora ni ule ambao ua wa mwenye nao una nafasi ya kugeuza basi. Kwa kipimo hicho walifaulu wakulima watatu: Pierangela, mjane mwenye mizabibu ya grignolino, Teresio, aliyesomea utengenezaji wa mvinyo chuoni na hajapona hadi leo, na mzee Evasio, mwenye mizabibu ya barbera na koo la tarumbeta. Akawaita baa. Kila mmoja akataka awe wa mwisho.

"Wa mwisho ni mimi," Evasio akanguruma. "Barbera yangu ikitangulia, nyinyi wengine mtakuwa mnawanywesha watu maji ya mtaro."

"Sema ukweli, mzee," Pierangela akamkata. "Unataka wafike kwako wameshalewa. Mlevi hata siki anaisifu."

"Kitaalamu," Teresio akaanza, "mtu huanza na mvinyo mwepesi, halafu..."

"Wewe daktari wa zabibu, nyamaza!" wakasema wote wawili kwa pamoja, na hiyo ndiyo mara ya kwanza Evasio na Pierangela kukubaliana.

Delfina akapiga funguo mezani. "Januari hii kuna barafu. Uani kwa Evasio naweza kushuka, kupanda tena ni majaliwa. Kwa hiyo Evasio wa mwisho. Hapo hamna utaalamu wala heshima, ni gia tu."

"Na watalii?" Teresio akauliza. "Nani anakuja huku kwenye ukungu?"

"Watalii ni nyinyi."

Evasio akachukua kofia yake tayari kuondoka. Maana kwetu mkulima haingii pango la jirani. Ukionja mvinyo wake ukaukuta mzuri, hutalala. Ukiukuta mbaya, adabu inakutaka unyamaze, na hilo ni gumu zaidi. Mvinyo wa wenzetu tunaunywa msibani tu, ukiwa umeshachanganywa kwenye majagi, na hapo sifa iliyoruhusiwa ni moja: "Unanyweka." Ukiongeza neno, watu watadhani unamposa binti wa mwenye nyumba.

"Afadhali wauze basi," Evasio akasema.

"Haya, liuze wewe," Delfina akamjibu. "Halafu kila Jumanne, nisipokuwepo kukupeleka, utakwenda kliniki kwa mguu, na goti lako hilo linalolia kama mlango."

Evasio akaliangalia goti lake. Jumamosi alikuwa wa kwanza kupanda, nyuma yake baa nzima.

Mimi nilipewa kiti cha nyuma nijifanye Mjerumani, kwa kuwa nina soksi ndefu. Viti vilikuwa vya watoto; tulikaa magoti yamegusa masikio, Diwani Gualtiero katikati yetu amekumbatia ndoo mpya ya kutemea. Alisema wataalamu hawamezi.

Pierangela alikuwa ameahidi kitafunwa kidogo. Tulikuta soseji kavu, jibini za aina tatu, vifurushi vya unga vilivyojazwa nyama, na katikati chungu cha bagna cauda kinachochemka, mchuzi wa dagaa wa chumvi na vitunguu saumu vya kumfukuza shetani hadi Genova. Gualtiero akazungusha glasi, akasukutua, akatema ndooni.

Pierangela akafanya ishara ya msalaba. "Kijana, mama yako yu hai?"

"Yu hai, mama."

"Nitamficha aibu hii. Lakini leo tu."

Ndoo ikasukumwa chini ya meza, ikawa ya maganda. Macho yote yakamgeukia Evasio. Alinusa, akaonja, akatafuta kasoro upande wa kushoto wa mdomo, akatafuta upande wa kulia. Uso ukamwiva.

"Huu uliuficha wapi miaka yote?" akafoka.

"Hapa hapa, nyuma ya ukuta wako, mpumbavu mkubwa wewe!"

"Lete mwingine."

Akaletewa mwingine, na mwingine, na vifurushi vya nyama, na kwaya ikaanza. Nje Delfina alipiga honi mpaka kuku wakaacha kutaga. Mwishowe aliingia mwenyewe, akatutoa kwa sauti ile ile aliyotumia kwa darasa la kwanza, nasi tukatoka wawili wawili tumeshikana mikono.

Kwa Teresio mapipa yalikuwa mapya, ya mbao za Kifaransa, yamepangwa kama wagonjwa wa hospitali ghali. Evasio akaonja.

"Teresio mwanangu, nalamba kabati."

"Kabati lenye nguo ndani," Pierangela akaongeza.

Tulicheka hadi mimi Mjerumani nikajisahau nikatukana kwa lugha ya kwetu. Teresio hakucheka. Alikwenda kona yenye giza, akarudi amekumbatia chupa kubwa iliyovikwa kikapu, isiyo na jina. "Huu ni wa mizabibu ya baba. Siuzi. Haufanani na tulivyofundishwa."

Tulionja wote. Pierangela alifuta macho kwa aproni, akadai ni vitunguu saumu. Gualtiero alimeza yake yote, akalala juu ya magunia, akikumbatia kiatu chake kimoja.

Jua lilikuwa limeshaanza kuzama kwenye ukungu, na Delfina akapiga honi. Wote tukatoka. Evasio hakutoka. Tulimkuta amejishika kwenye nguzo ya mlango.

"Kwangu tusiende," akasema, na koo lile la tarumbeta lilikuwa limegeuka filimbi. "Barbera yangu leo ina homa."

"Barbera haina homa, mzee. Wewe una woga," Pierangela akamwambia.

"Ndiyo nina woga! Mnataka niandike?"

Delfina alishuka. Alikuwa na uso wa mtu anayeona basi lake likishuka bondeni na mtu mwingine kwenye usukani. "Evasio, sijui mvinyo wako una ladha gani, na sitajua kamwe. Mimi nahitaji ua wako tu. Panda, ama nakubeba."

Akapanda. Diwani tulimbeba sisi.

Pango la Evasio lilinuka kama soksi za mtakatifu. Alimimina. Tukanywa. Shavu la Pierangela likaruka.

"Unanyweka," akasema kwa upole.

"Usinifanye maiti!" Evasio akapiga kelele. "Teresio, wewe umesoma. Sema!"

Teresio akakohoa. "Zabibu zako ni nzuri kuliko zetu sote. Mapipa haya yalioshwa lini?"

"Baba alisema pipa halioshwi. Linakumbuka."

"Basi hili limekumbuka mengi mno."

Nilidhani atamrushia glasi. Badala yake Evasio aliketi juu ya kreti na kucheka mpaka kofia ikadondoka, nasi tukamfuata. "Njooni Jumamosi ijayo," akasema akipumua kwa shida. "Nitakuwa nimeyaosha. Lakini tuanze tena kwa huyu mjane."

Mlima wa kutokea Delfina aliupanda kwa gia ya kwanza, huku sisi tukisukuma na kuimba, na akatufikisha uwanjani mwanga mwembamba ukiwa bado juu ya mnara wa kanisa. Akampiga Gualtiero kofi dogo la kumwamsha.

"Mapango matatu, abiria wote, na giza bado. Sema."

"Basi libaki," diwani akasema, akitafuta kiatu. "Na watalii tuwaite lini?"

"Watalii gani?" Evasio akashangaa. "Viti vimejaa."

Vimejaa hadi leo. Kila Jumamosi wakulima wanazunguka, wanaonja, wanatukanana, na mapango sasa ni tisa. Mwezi Mei walikuja Wadenmarki wawili, mume na mke, wakamsihi sana Delfina awachukue. Aliwapima kwa macho, akawabana kwenye kiti cha nyuma kabisa pamoja nami, akawaambia kwa ishara kwamba anayetaka kutapika ainue mkono kwanza.