Mtoto wa Nani Huyu

Watu wa rika langu wakikutana kwenye matanga, chai ikishamiminwa mara ya pili, lazima mmoja aulize: "Wewe ulikuwa wapi siku hali ya hatari ilipotangazwa?" Hapo kila mtu hunyoosha mgongo. Mmoja alikuwa mjini Nakuru, akaisikia habari yenyewe kwenye redio ya dukani. Mwingine aliyaona malori ya wanajeshi yakipita Gilgil, na nimegundua kwamba kila mwaka malori hayo yanazidi kuwa mengi. Mimi nilisoma historia chuo kikuu, nimeandika insha mbili tatu juu ya miaka hiyo, kwa hiyo watu hunigeukia wakitarajia kitu kikubwa. Ukweli ni kwamba nilikuwa nyuma ya jiko la shule ya bweni, nimekaa juu ya debe, mguu mmoja mapajani mwa mpishi, natolewa funza. Mpishi ndiye aliyenipa habari. Alisema, "Serikali imekasirika. Tulia, huyu ana mayai."

Basi huwajibu kwamba nilikuwa shuleni, kisha naomba sukari. Lakini nikirudi nyumbani siwezi kukaa. Nazunguka uani kama mtu aliyepoteza funguo, mke wangu ananiuliza natafuta nini. Maana msiba wenyewe haukutufikia siku ya tangazo. Ulitufikia Desemba, kwa malori, na siku hiyo najua vizuri sana nilikuwa wapi.

Baba yangu alikuwa dereva wa trekta kwenye shamba la mzungu upande wa Kuresoi, juu kule ambako pareto hustawi na asubuhi vidole hukataa kufunga vifungo. Sisi ni Waluhya. Tuliishi kwenye laini, yaani nyumba za wafanyakazi zilizopangwa mistari miwili, na mlango uliotazamana na wetu ulikuwa wa mama mmoja Mkikuyu, mchuma pareto. Yeye na mama yangu waliitana "jirani", wakaombana moto na chumvi kila siku. Mumewe alikuwa amekamatwa wiki kadhaa nyuma. Alibaki na mtoto mchanga mgongoni na msichana wa miaka sita ambaye, kusema kweli, alikuwa wa kila mtu. Watoto wa laini walilala pale usingizi ulipowakuta.

Tulikuwa na desturi moja. Mwenye shamba hakutaka watoto ambao wazazi wao hawakuandikwa kazi kwake. Jumamosi alipita na gari akitafuta wa ziada, wapwa na wajukuu walioletwa kimyakimya, ili awafukuze. Akisimama mbele ya mtoto na kuuliza, "Huyu wa nani?" mwanamke yeyote aliyekuwa karibu alijibu, "Wangu, bwana." Hakuna aliyefikiri kwanza. Kwa hesabu ya yule mzungu, mama yangu alikuwa amezaa watoto kumi na tisa, watatu kati yao wa umri mmoja na wasiofanana hata kidogo. Watoto nao walijua kazi yao: kusimama wima, kutazama chini, kutomgeukia mama halisi. Gari likishavuka daraja la mtoni, kila mmoja alikimbilia kwao akicheka.

Malori yalikuja alfajiri. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza mtihani, nangoja majibu, na nilikuwa nimelala. Hilo nalo si la kujivunia. Niliamshwa na mbwa, kisha na buti. Askari aliingia na tochi, akitafuta Wakikuyu, maana serikali ilikuwa imeamuru wahamishwe wote kutoka mashamba ya wazungu. Baba akaonyesha kipande chake, cheti cha kazi kilichoandikwa kabila. Tochi ikashuka kwenye ngozi iliyotandikwa karibu na jiko, ambapo yule msichana alikuwa amelala katikati ya wadogo zangu.

"Huyu wa nani?"

"Wangu, bwana," mama akasema.

Askari akatoka. Tulipofungua mlango, lori la mwisho lilikuwa linakunja kona. Waliobaki walitueleza kwamba jirani alikuwa akipiga kelele akimtaka mtoto wake, akaambiwa watoto wote wameshapakiwa lori la mbele. Akapanda.

Mama alisimama katikati ya laini, mikono kichwani. "Nimeiba mtoto," alisema. "Mimi na mdomo wangu huu. Nimeiba mtoto wa mwenzangu."

Nyumbani kwa jirani sufuria ya githeri, mahindi na maharagwe, ilikuwa bado inatokota mafigani. Mama aliimimina kwenye mkebe wenye kifuniko, akaufunga kwa kitambaa, akanitazama.

"Wewe si umesoma? Utaongea nao."

"Mama, wanakamata watu."

"Wanakamata Wakikuyu. Wewe umekamatwa na usingizi tu. Vaa viatu."

Nilivaa viatu. Nilivaa pia koti la shule lenye nembo, na mfukoni nikatia kitabu changu cha Kilatini, kwa sababu niliamini kwamba mtu mwenye kitabu haulizwi maswali. Tulipanda lori la maziwa hadi stesheni ya Molo, na kutoka hapo treni, daraja la tatu, kuteremka Nakuru. Msichana alikaa akiegemea mkebe, akipasha mbavu joto.

"Tunamfuata mama?"

"Ndiyo."

"Na githeri yake?"

"Na githeri yake."

Aliridhika. Mimi sikuridhika. Kila stesheni nilisimama, nikakaa, nikasimama tena, nikitunga kichwani Kiingereza nitakachomwambia mzungu wa kwanza.

Kambi ya Nakuru ilikuwa uwanja mtupu uliozungushiwa seng'enge, na ndani watu walikaa juu ya mizigo yao kama wanaongoja treni isiyojulikana. Langoni palikuwa na askari wawili Waafrika ambao ningeweza kuwauliza kwa Kiswahili kama mtu yeyote. Niliwapita. Nikamwendea ofisa mzungu, nikatoa sentensi yangu. Ilikuwa ndefu na nzuri. Alinisikiliza kama mtu aliyesalimiwa na ng'ombe, kisha akaamuru nipekuliwe. Siku hizo Mwafrika mwenye Kiingereza kirefu alikuwa na la kueleza.

Askari aliyenipekua alikitoa kitabu, akakifungua.

"Hii lugha gani?"

"Kilatini."

"Hilo kabila linakaa wapi?"

"Walishakufa wote, afande."

"Nani aliwaua?"

Sikucheka siku hiyo. Nilisimamishwa juani, uso ukutani, kwa muda wa saa mbili hivi, msichana ameshika pindo la koti langu, mpaka karani mmoja alipokuja akawaambia kwamba kitabu kile hufundishwa na mapadri. Nyuma yangu nilikuwa nimesikia malori yakiwashwa na kutoka langoni, moja baada ya jingine. Nilipoachiliwa niliuliza, kwa Kiswahili sasa, watu wa Kuresoi wako wapi.

"Wa Kuresoi?" karani akasema. "Si ndio hao wametoka sasa hivi? Wamepelekwa Gilgil. Wamekupita hapo hapo, bwana mdogo."

Tulilala kwa mjomba wangu, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, na asubuhi tukapanda treni ya Gilgil. Koti nilikuwa nimelikunja chini ya kwapa.

Gilgil palikuwa na upepo na vumbi, na mahema machache kuliko watu. Safari hii nilimwendea askari wa langoni, mtu mzima, nikamsalimu, nikamweleza yote: mama yangu, tochi, neno lililomtoka. Alisikiliza hadi mwisho. Akatembea kandokando ya seng'enge akiita, "Wa Kuresoi! Mama aliyepotelewa na msichana!"

Jirani alikuja mbio. Hatua kumi kabla ya kutufikia akapunguza mwendo. Mtoto mchanga alikuwa mgongoni, kichwa kimelala upande, macho nusu wazi, na shuka iliyomfunga ilikuwa imelowa na kunuka. Nyuma yake mwanamke mwingine alikuwa anafua nepi kwa maji ambayo yalikuwa machafu kabla hajaanza. Msichana alimwona mama yake, akaanza kutabasamu.

"Mama, huyu ni wako?" askari akauliza. Kisha, kwa sauti ya chini: "Ukisema ndiyo, anaingia. Akiingia hatoki. Nisikilize vizuri."

Wakati huohuo ofisa mzungu alikuwa anakuja na karatasi zake. Msichana alimwona. Tabasamu likazimika. Akasimama wima, akatazama chini, kama alivyofunzwa.

"Si wangu," jirani akasema.

"Kijana anasema ni wako."

"Kijana amekosea. Ni wa huyo huyo. Hata wamefanana."

Askari alinitazama mimi, akamtazama mtoto, polepole, kama mtu anayechagua mbuzi. "Ni kweli," akasema. "Paji la uso ni moja."

Ofisa akafika. "Toto ya nani hii?"

Nilikuwa nimekuja maili zote hizo kurudisha mtoto. Nilimtazama jirani, naye alikuwa anaitazama seng'enge.

"Wangu, bwana," nikasema.

Ofisa aliandika kitu, akaenda zake. Jirani akanyoosha mkono. "Lete hiyo githeri."

Askari alipokea mkebe, akampitishia. Aliufungua, akanusa.

"Imechacha."

"Ni ya jana, mama."

"Usimpe mtoto wako hii. Ataharisha kama huyu wangu." Akaanza kuila yeye mwenyewe, amesimama, konzi kwa konzi, bila kunitazama mimi wala msichana. Alipofika katikati ya mkebe alisema, mdomo umejaa, "Mwambie jirani ajibu vilevile. Kila siku ajibu vilevile."

Baadaye jirani alirudi kumchukua. Ninalisema hapa ili usihangaike kama mimi. Alikuja hali ya hatari ilipoondolewa, peke yake, bila yule mchanga, na msichana alikuwa mrefu kumzidi. Wote wawili wananisalimia vizuri mpaka leo. Hakuna aliyewahi kuniuliza juu ya Kiingereza changu cha Nakuru. Najiuliza mwenyewe. Kama ningewauliza wale askari wawili, mtoto angeingia kwa mama yake siku ya kwanza, kabla ugonjwa haujawafika, na mama angesema ni wake. Wangekaa pamoja miaka yote ile, au wangezikana. Nimekuwa nikipiga hesabu hiyo uani tangu nilipokuwa na nywele nyingi, na kila mara inatoka tofauti.

Kwenye treni ya kurudi mkagua tiketi aliuliza mtoto ni wa nani. Nikasema wangu. "Ulianza mapema," akasema, akatoboa tiketi yangu.

Msichana hakulia. Alikaa kando yangu, mikono magotini, macho sakafuni. Tulipopita Njoro alinivuta mkono wa shati.

"Yule mzungu ameshaondoka?" alinong'ona.

"Bado."

Akatikisa kichwa kukubali. Baada ya muda akauliza tena.

"Hajavuka daraja?"

"Bado," nikasema.

Tulipofika Molo alikuwa bado anatazama chini.