Skripti yangu ilianza na salamu

Asubuhi nzima nimegombana na kompyuta kwa sababu ya salamu.

Niko ofisini Makole. Skripti yangu, programu fupi ya maagizo, inatakiwa iulize mfumo wa usanidi, unaotunza mipangilio ya kompyuta, jina la printa, ijibiwe, iendelee kusakinisha programu ya kuchapa.

Inagoma.

Narudia, inagoma tena. Bosi wangu, Mama Neema, anasubiri kuchapa barua. Mimi kukaa siwezi, kusimama siwezi.

Kumbe kila kitu skripti inachoandika, mfumo unakichukulia kuwa amri. Na mimi, mtoto wa Kongwa niliyelelewa kusalimia kwanza, nimeiandikia ianze na "Habari za asubuhi". Mfumo haujui amri hiyo.

Nikafuta salamu. Ikakubali.

Nikakimbilia kwa Mama Neema. "Printa tayari."

Akanitazama. "Siku hizi hatuamkiani?"

Jamani, hapo unaanza na shikamoo au samahani?