Spika za Mzee Aliyefia Elwak

Sipendi kusifiwa kuwa fundi hodari. Wanaonisifu hawajui habari ya mjane mmoja wa Garissa, miaka ya tisini, nilipokuwa na kibanda cha kutengeneza redio karibu na soko la mbuzi.

Aliniletea kwa mkokoteni wa punda spika mbili kubwa za mbao, za marehemu mumewe. Mzee huyo alikuwa mchuuzi wa ng'ombe. Alipokaa Elwak, kule mpakani na Somalia, msimu mzima bila kurudi, alimpa dereva wa lori kaseti amletee mkewe, kama walivyofanya wengi wasioandika barua. Alisema humo kwamba yu mzima, wasimngoje, kisha akawaombea watoto dua. Mama akaamua kuwa kuna mke mwingine huko. Naye akamtumia kaseti nyingine aliyoirekodi mwenyewe, imejaa maneno ya kuchoma. Haikupita miezi mingi, mzee akafa hukohuko.

Sasa binti yao alikuwa anaolewa, na mama alitaka wageni waisikie ile dua.

"Mimi nimesamehe yeye," alisema. "Lakini sauti iko kama mtu ndani ya blangeti."

Nikafungua spika. Krosova, ile saketi inayogawa sauti, nyembamba iende spika ndogo ya ndani ya sanduku na nzito iende kubwa, ilikuwa na kapasita, vile vikopo vidogo vya kuhifadhi chaji, zilizokaushwa na joto letu miaka nenda miaka rudi. Spika ndogo zilikuwa karibu bubu. Ningeweza kutia kapasita za aina ileile yakaisha. Lakini mimi mjuaji niliagiza Nairobi zilizo bora zaidi, nikabadilisha hata nyaya, na nilipomaliza nikajipongeza kama bwana harusi.

Mama akaja na ile kaseti kusikiliza. Kisomali changu kilikuwa cha sokoni, kwa hiyo maneno mengi yalinipita. Nilichosikia mimi ni pumzi. Kila baada ya maneno machache kifua kilikwaruza, na mtu alikuwa anajizuia asikohoe. Hata dua aliimaliza kwa shida. Nilitamani kuzima, nikaona haya.

Mama alirudisha kaseti nyuma, akasikiliza tena, mkono mdomoni.

"Alikuwa mgonjwa," alisema. "Wallahi alikuwa mgonjwa, alinificha. Na mimi nilimtukana."

Nilimwambia ni kazi ya Mungu. Maneno ya bure, najua.

"Fundi, hii bumzi ilikuwa ndani ya kaseti siku zote?"

"Ilikuwamo, mama."

Akajifuta uso kwa ncha ya ushungi.

"Ile siku kaseti ilifika, mimi nilisema sauti haiko sawa. Nilileta hizi sanduku kwako. Wewe ukasema ziko sawa, kaseti ndiyo mbaya." Hapo ndipo aliponitazama. "Ulifungua?"

Nilikuwa nimesahau kabisa. Kazi zilikuwa nyingi siku ile, na jua kali.

"Sikufungua, mama," nikasema. "Nilipangusa vumbi tu."