Samaki wa Ndotoni

Harufu ya turubai lililoungua kwa jua la saa nane hunipandisha hasira mpaka leo. Hapa Mbarara watu huanika mihogo juu yake, wanapiga soga, hawana habari. Mimi nililala chini ya harufu hiyo miaka saba, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, ndani ya nyumba ya udongo yenye paa la plastiki nyeupe. Mchana tulitokota humo kama viazi chunguni. Na ni mchana, nimetoka shule nimejilaza kidogo, ndipo kile kitu kiliponishika mara ya kwanza.

Mnaokijua mnakijua. Macho yamefunguka, unaona paa, unamsikia mama nje anatwanga sombe, yale majani ya mihogo, lakini mwili umekataa. Kidole hakiendi. Sauti haitoki. Halafu kuna mtu mlangoni. Humwoni, ila unajua yupo, na anakuja kukukalia kifuani. Kitabuni huitwa jinamizi. Sisi watu wa Kivu ya Kusini, kule Kongo, tulisema umekaliwa, basi. Nilikuwa na miaka kumi.

Aliyenisaidia ni jirani yetu, Bibi Wabiwa, mzee aliyefika kambini peke yake, bila mtoto wala mjukuu, akauza karanga kwa kikombe. Alinikuta nalia, akacheka.

"Weye! Huyo hana hata kilo moja. Usipigane naye. Tikisa kidole kikubwa cha muguu, kimoja tu. Ile ingine itafuata."

Nikajaribu. Ikafuata.

Akanifundisha na ndoto. Mimi kila mara niliota ile barabara tuliyokimbilia, bunduki nyuma yetu. "Tafuta kitu cha uongo mule ndani," aliniambia. "Ukikipata, hiyo ndoto ni shamba yako. Lima unavyotaka." Kitu changu kilikuwa ndala. Kambini nilivaa moja ya bluu na moja nyekundu, zote mbili za kushoto. Ndotoni zilikuwa jozi mpya, safi kama za binti wa mkubwa. Nikiinamisha macho nikaziona zinafanana, nilijua: aa, hapa nadanganywa. Basi nilisimama katikati ya barabara nikaiamuru igeuke jikoni kwetu Uvira. Nayo ikageuka. Mama alikuwa pale anakaanga mikeke, ananitania, ananichagulia samaki mnono. Mama ambaye kambini hakuwa amecheka tangu tuvuke mpaka.

Kosa langu lilikuwa mdomo. Asubuhi fulani nilisukuma uji pembeni nikajigamba: "Mimi nimeshiba. Jana nikilala nilienda nyumbani, nikala samaki."

Kijiko kilimponyoka mama. Kwetu, mtoto anayekula usingizini amelishwa na wachawi, na aliyekwisha kulishwa atadaiwa nyama ya ndugu yake. Kabla jua halijawa kali nilikuwa katika chumba cha maombi, nyuma ya kanisa letu la mbao. Siku tatu, bila chakula, bila maji. Mnisamehe, nitasema wazi: walimnyima mtoto maji kwa sababu aliota samaki.

"Nani alikulisha?" aliuliza mwanamke aliyeongoza maombi, kiganja chake kimenilemea utosini. "Sema jina, utoke."

Siku ya tatu nikasema: Bibi Wabiwa.

Kufika jioni vijana wa kanisa walikuwa wameng'oa paa lake na kumwaga karanga zake matopeni. Alipita mbele yetu na mkeka na sufuria, akielekea Kabazana, kule wanakopokelewa wageni, kuanza upya kama mtu aliyefika leo. Mama alinivuta mkono niingie ndani. Bibi akanyoosha shingo.

"Mutoto, bamekupa chakula?"

Kinywa changu kilijaa ugali.

Baadaye nilisoma sekondari hapa Mbarara. Siku moja, hospitalini kule Ruharo, nilimsimulia muuguzi mmoja nikingoja dawa. Alicheka mpaka akashika meza. "Hiyo si shetani, ni usingizi. Akili imeamuka, mwili iko bado inalala. Hata mimi inanishika." Sentensi tatu. Nyumba ya mtu ilibomolewa kwa kukosa sentensi tatu.

Mwaka huu binti yangu wa miaka mitano ameanza kukaliwa, na mama akathubutu kutaja maombi. "Si weye ulipona?" Nilimwambia atakayemgusa mtoto huyu ataanza na mimi.

Lakini hasira kubwa si kwake. Jibu la kweli la lile swali, nani alinilisha, lilikuwa mama. Ni yeye aliyenilisha ndotoni, na siku ile alikuwa amepiga magoti ubavuni kwangu, analia. Nilimtazama. Kwa miaka mingi nilijitetea kwamba nilikuwa mtoto, kiu ilinitoa jina lolote. Si kweli. Nilijua nikisema mama nitabaki bila mtu, na nilijua hakuna mwana wala mjukuu atakayekuja kuuliza habari za Bibi Wabiwa. Nilichagua. Na watu wazima wote mle ndani, waliposikia nani nimemchagua, walishusha pumzi.