Sukari ya Kupeleka Marekani

Siku niliyoirudisha Marekani kwenye dhiki naikumbuka vizuri sana, mwanangu, kwa sababu ilikuwa Jumanne na nilikuwa nimeshiba chips mayai.

Usicheke nikikuita mwanangu. Najua nina miaka kumi na saba, na ndevu zangu ukizihesabu unamaliza kabla kengele haijalia. Lakini wewe uko kidato cha kwanza, juzi tu umefunga tai ikakukaba. Mimi niko cha nne, nimeona walimu wa nidhamu watatu wakija na kuondoka. Kwa hesabu za shule hii mimi ni mzee wa ukoo. Kaa hapo kwenye ngazi, acha kuchezea zipu ya begi, nikusimulie mambo ya ujana wangu. Yaani nilipokuwa kidato cha pili.

Likizo ile baba alinipeleka kwa Bibi, mama yake mzazi, huko juu mlimani. Ukifika Kwa Sadala unaacha lami, unapanda kwa miguu mpaka masikio yazibe, ndipo unakiona kihamba chake, yaani shamba lake la ukoo: migomba, kahawa chini ya migomba, na ng'ombe mmoja zizini anayemwangalia kila mgeni kama vile amekuja kukopa. Bibi anaishi hapo peke yake tangu Babu afariki. Macho yake yalikuwa yameshachoka. Mtu anamtambua, kuku wake anawatambua mmoja mmoja, ila herufi za gazeti kwake zilikuwa sisimizi tu. Redio anayo, lakini hiyo ni ya kwaya na matangazo ya vifo. Habari za dunia alitaka asomewe, ili aweze kukusimamisha na kuuliza. Na za Marekani hasa, maana Shangazi Ndeshi, kitindamimba wake, anafanya kazi huko ya kutunza wazee.

Basi kazi yangu ilikuwa hiyo moja tu: kila siku nishuke Kwa Sadala ninunue gazeti, nipande nalo, saa kumi jioni nimsomee Bibi barazani huku akimenya ndizi za mtori. Kazi ya mtoto wa darasa la tatu. Jumatatu niliifanya. Jumanne nilishuka vizuri, ila hela ya gazeti ikaingia kwenye chips mayai, nikapanda mikono mitupu na midomo inang'aa mafuta.

Hapo ndipo nilipolikumbuka sanduku la Babu. Babu enzi zake alikuwa mpishi wa mmisionari mmoja wa Kimarekani, na yule mzungu alipoondoka alimwachia majarida yake ya zamani. Nikachomoa moja. Jaladani kuna mama amevaa aproni anacheka na friji, kama vile friji limemtania. Nikatazama mwaka: ni miaka michache tu baada ya Vita Kuu ya Pili. Nikalipachika ndani ya gazeti la Jumatatu, nikatoka nalo barazani nimekunja uso kama mtangazaji.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Enhe, wanasemaje huko kwa Ndeshi?"

"Hali si nzuri, Bibi. Sukari hakuna. Nyama ya kubahatisha."

Kisu cha Bibi kikasimama kwenye ganda la ndizi. "Marekani hiihii?"

"Imeandikwa hapa. Askari wamerudi kutoka vitani, hawana nyumba za kukaa. Wengine wamejibana kwa wakwe zao, wengine wanalala kwenye magari."

Mwanangu, sikutunga hata neno. Yote yalikuwa mle ndani. Kiingereza changu kilikuwa kinachechemea, lakini picha zilinishika mkono. Nikamsomea kwamba wanawake wanapanga foleni kununua soksi ndefu za nailoni, foleni inazunguka kona, na zikiisha wanashikana mashati. Nikamsomea kwamba watu wanasimama nje ya dirisha la duka kuangalia ngumi kwenye televisheni kubwa kama kabati. Nikamsomea kwamba kuna sinema ya uwanjani, unaingia na gari lako na unaangalia ukiwa umekaa humohumo.

"Ndiyo hivyo," Bibi akasema kwa huzuni. "Si umesema wanalala kwenye magari? Sasa watoke waende wapi?"

Nilijing'ata shavu ili nisicheke. Kisha nikafika kwenye bei. Mkate, senti. Maziwa, senti. Soda, senti tano.

"Senti bado zinafanya kazi kwao?"

"Zinafanya, Bibi."

Akawaza, halafu akatikisa kichwa. "Bei ikiwa ndogo hivyo, mjukuu wangu, jua rafu ni tupu. Ukisikia kitu ni rahisi sana, nenda ukiangalie kama kipo."

Nikajisemea moyoni, huyu bibi hajui uchumi. Mimi niliyekuwa na alama kumi na nane za hesabu.

Jumatano nikasoma tena. Alhamisi tena, Ijumaa tena. Mguu wangu haukugusa njia ya Kwa Sadala isipokuwa kufuata chips. Niliwasimulia washikaji zangu wa uwanja wa mpira, wakalala chini kwa kucheka. Nilijiona fundi.

Jumamosi Shangazi Ndeshi akapiga simu. Mimi ndiye niliyeshika simu nikaiweka sauti ya juu.

"Ndeshi mwanangu, sukari mnapata?"

"Sukari? Ipo tele, mama. Ila mimi daktari amenikataza."

Bibi akaifunika simu kwa kiganja, akaninong'oneza: "Umesikia? Madaktari wamewakataza. Serikali ikikosa kitu ndivyo inavyosema." Na ilipokatika akaongeza, "Huyu tangu mdogo hasemi akiumwa. Alivunjika mkono akala chakula cha jioni kwa mkono mwingine, kimya."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema, mwanangu. Sentensi moja tu, tuko wawili, ng'ombe ndiye shahidi. Nikasema moyoni, kesho nitamwambia.

Kesho ilikuwa Jumapili. Naamka namkuta Bibi amevaa gauni lake la ushirika mtakatifu, mbele yake kapu limefunikwa kitenge. Kumbe Ijumaa, mimi nikiwa uwanjani, alikuwa ameshuka mwenyewe mpaka sokoni Kwa Sadala na magoti yake yale. Ndani ya kapu: sukari kilo tano, ndizi zilizokaushwa, na soksi ndefu za wanawake, jozi kumi na mbili. Chini ya kwapa lake amembana jogoo wake mkubwa mwekundu, yule aliyempa jina la Katekista kwa kuwa hamwachi mtu alale.

"Bibi, hivi vyote vya nini?"

"Vya Ndeshi na wenzake. Jogoo nampeleka mnadani. Nitaomba usharika wamnunue vizuri, hela isaidie kusafirisha mzigo. Na wakiweza waongeze sukari."

Mwanangu, nilimbebea kapu mpaka kanisani, kila hatua najiambia nitamwambia tukifika.

Unaujua mnada wa kanisani, ibada ikiisha. Wasio na hela wameleta mayai, mkungu wa ndizi, maziwa. Vinapandishwa mezani pale nje, watu wanashindana kununua, trei moja ya mayai inauzwa, inarudishwa, inauzwa tena, raha tupu. Dalali wetu alikuwa Mzee Elisaria, mzee wa kanisa mwenye sauti isiyohitaji kipaza sauti. Usharika mzima upo pale. Nusu yao Bibi aliwafundisha shule ya Jumapili, na mpaka leo wakimwona wanaficha sigara. Na kila mmoja ana simu, na wengi wana mtoto au binamu Marekani anayetuma picha za sahani zilizojaa. Bibi akifungua mdomo na kusema Wamarekani hawana sukari wala soksi, watacheka. Heshima ya miaka yote, ningekuwa nimeimaliza kwa sahani nne za chips.

Katekista akawekwa mezani. Bibi akanyoosha mkono.

"Tulieni!" Mzee Elisaria akanguruma. "Mama yetu ana neno."

"Mimi nina neno kabla yake!"

Sauti yangu kipindi kile ilikuwa inavunjika. Ilitoka nusu mbuzi, nusu tarumbeta. Wote wakageuka. Washikaji zangu ukutani walikuwa wameshaanza kushikana mabega.

"Godi, subiri zamu yako," Bibi akasema.

"Siwezi, Bibi. Marekani sukari ipo. Zile habari ni za zamani, za kabla baba hajazaliwa. Zimo kwenye jarida la Babu. Mimi nilikudanganya kwamba ni za wiki hii. Gazeti sikununua, nililila."

"Ulikula gazeti?" Mzee Elisaria akauliza.

"Lilikuwa chips mayai."

Wacha watu wacheke! Mama mmoja wa kwaya alikalia trei ya mayai. Lakini angalia, walinicheka mimi. Nilisimama pale nikiwa nimeiva masikio, na ndani kabisa nikashukuru kwamba kicheko kimekosea njia na kuja kwangu.

Bibi hakucheka. Alichukua kapu lake, akajitwika, akashika njia ya nyumbani. Nikataka kumchukua jogoo nimfuate, Mzee Elisaria akaniwekea mkono kifuani.

"Kilichopanda mezani ni cha Bwana. Haya, jogoo! Nani anaanza?"

Akanunuliwa na mwalimu mstaafu wa ng'ambo ya mto. Akaenda hivyo, kichwa chini, ananiangalia.

Mchana ule Bibi alinipa chakula bila neno. Afadhali angenichapa. Mwishowe nikakumbuka anachofanya Mchaga akimkosea mtu: anampelekea jani la sale, lile la kijani tunalopanda mipakani. Ukimpelekea mtu sale kwa heshima, anawajibika kukusikiliza. Nikachukua panga, nikaenda, nikarudi na mzigo mkubwa wa sale, nikapiga magoti barazani.

Bibi akaupapasa mzigo ule kwa vidole, taratibu.

"Umebakiza mpaka?"

"Sijui, Bibi."

"Jani moja linatosha, we mtoto. Sasa jirani akija kuuliza kihamba chake kinaishia wapi, utamsomea kutoka kwenye jarida?"

Nilijua hapo nimepona. Lakini hakuniambia niinuke. Alisema, "Mimi si mjinga, Godi."

"Najua, Bibi."

"Hujui. Nikuambie kwa nini niliamini. Baba yangu alirudi kutoka vita hiyohiyo, kutoka Burma, na koti moja. Mimi nilikuwa wa hivi." Akaonyesha usawa wa kiti. "Sukari ilikuwa ya foleni. Tunatembea mpaka mjini Moshi, mama ananisimamisha kwenye mstari anakwenda kusimama kwenye mstari wa kitambaa. Bei imeandikwa ndogo ukutani, na ndani hamna kitu. Ulipokuwa unasoma habari za kina mama na foleni zao, mimi nilikuwa nimesimama pale tena, jua linanichoma kichwani. Nikasema Ndeshi wangu asisimame hivyo."

Nilidhani namchezea mtu asiyejua kitu, kumbe pale barazani aliyekuwa anazielewa zile habari ni mmoja tu, na si mimi niliyezisoma.

"Uliyonisomea yote ni kweli," akasema. "Ulinificha siku yake tu. Kalete jarida la mume wangu. Soma tena, na sasa uanze na mwaka."

Tukasoma mpaka mtori ukaungua. Nikamsimulia yule mama na friji lake, Bibi akacheka mpaka akafuta macho. Kila ukurasa alikuwa na la kuongeza: sabuni ilikuwa hivi, nguo zilikuwa vile, gramafoni ya kwanza aliisikia wapi. Kesho yake nikashuka Kwa Sadala kununua gazeti la siku hiyo, na mpaka likizo inaisha walikuwa wanakuja majirani wanne na viti vyao, jina langu kwao limekuwa Marekani, na nikiruka hata tangazo la mbolea wananirudisha. Sukari tulikunywa sisi. Soksi walipewa kina mama wa kwaya, na yule aliyekalia mayai akapata jozi mbili.

Sasa nisikilize, maana kengele iko karibu. Utani si dhambi, mwanangu. Mimi mwenyewe bila utani ningekuwa nimeshakufa kipindi cha fizikia. Tania mtu anayeweza kukuona usoni na kukurudishia. Lakini mtu akikupa masikio yake kwa kuwa macho yamechoka, msomee kilichoandikwa, na siku kilipoandikwa. Ukiona mzee ameamini kitu unachokiona cha kipuuzi, muulize amewahi kukiona wapi kabla hujacheka. Na ukishakosea, sema mkiwa wawili barazani. Ukichelewa utasemea mnadani, na huko kukosea kuna gharama ya jogoo.

Yuko hai mpaka leo, yule Katekista. Nikilala kwa Bibi namsikia alfajiri ng'ambo ya mto, anawika, ananyamaza, anawika tena. Bibi husema ananisalimia. Mimi najua ananisema.

Nenda darasani. Mungu akukuze kuliko hiyo tai, akupe masikio ya kusikiliza na miguu ya kupanda kutoka Kwa Sadala. Wanaokungoja nyumbani wakuamini, na wasijute. Na jogoo wa bibi yako abaki bandani kwake.